Kiti cha dereva kinachoteleza: ni tatizo la usalama au la starehe?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Nina Corolla 110 ya mwaka 1999, gia za mkono, ninayoitumia kati ya Iringa na Morogoro. Kiti cha dereva kimechoka. Nikipanda mlima kinarudi nyuma chenyewe, kwa hiyo nimekizuia kwa kipande cha mbao nyuma ya reli. Mgongo wake nao haukai, nimeuegemeza kwa dumu la lita 20 lililo siti ya nyuma. Fundi ananishauri akichomelee kwenye sakafu yaishe. Mke wangu, ambaye naye huliendesha, hataki kabisa. Barabarani nikikaguliwa wanaangalia taa, tairi na breki. Kiti hakuna aliyewahi kukigusa. Je, hili ni suala la usalama kweli au ni la starehe tu?

Jibu: Ndugu yangu wa Iringa, mke wako yuko sahihi, na nakuomba umsikilize yeye kabla ya fundi. Kiti kinachosogea chenyewe ni hitilafu ya breki, ya klachi, ya usukani na ya mkanda kwa wakati mmoja. Usishuke na gari hilo mlima Kitonga tena mpaka kiti kikamate.

Nianze na breki, maana hapo ndipo wengi hawaoni uhusiano. Mguu ukikandamiza pedali, lazima kuwe na kitu nyuma yako kinachokuzuia usirudi. Kitu hicho ni kiti. Kila kilo unayoipeleka kwenye pedali, mgongo wa kiti na reli zake zinaibeba upande wa pili. Kwa breki ya kila siku ni nguvu ndogo, huisikii. Kwa breki ya dharura mambo hubadilika: kanuni za kimataifa za breki za magari madogo hupima gari kwa nguvu ya mguu inayoweza kufika nyutoni 500, yaani karibu kilo 50. Injini ikizimika mteremkoni na sevo, kile kisaidizi cha breki, ikaishiwa, pedali inakuwa ngumu kama ukuta na utahitaji nguvu yote uliyonayo. Kiti kikirudi nyuma wakati huo, mguu wako unanyooka, ncha ya kiatu ndiyo inayobaki kwenye pedali, na nguvu inayofika kwenye breki inakuwa sehemu ndogo tu ya ile uliyoikusudia. Breki zako zinaweza kuwa mpya kabisa na gari lisisimame.

Upo pia mwendo wa upande wa pili. Gari likipunguza kasi ghafla, mwili na kiti hutaka kuendelea mbele. Kiti kisichokamata kinakusogeza hadi magoti yanagusa dashibodi na kifua kinakaribia usukani. Dereva hushtuka na kufanya kile ambacho binadamu yeyote angefanya: anashika kilicho karibu. Kilicho karibu ni usukani, na ukiuvuta kwa mkono mmoja gari linakwenda upande huo. Kwa kilomita 80 kwa saa gari linakula mita 22 kila sekunde. Nusu sekunde ya kuitafuta pedali ni mita 11 bila dereva.

Sasa fikiria gari lako la gia za mkono pale Kitonga, lori limesimama mbele yako kwenye kona. Unaanza kupanda: mguu wa kushoto unaachia klachi, wa kulia unatoka breki kwenda mafuta. Kiti kinateleza nyuma sentimita 10. Klachi inaachiwa yote kwa mpigo, gari linaruka mbele au linazima na kuanza kurudi, na breki umeshaiacha. Nyuma yako kuna lori jingine. Hapo dereva hana kosa la uzembe. Kiti ndicho kilichoondoa miguu yake kwenye pedali.

Wenzetu wa ndege ndogo walilijua hili mapema. Viti vya marubani kwenye ndege za Cessna viliwahi kuteleza nyuma wakati wa kuruka, rubani akauvuta usukani bila kutaka na ndege ikainua pua kupita kiasi. Mwaka 1987 mamlaka ya anga ya Marekani ilitoa agizo la lazima kwamba reli na pini za viti hivyo zikaguliwe kwa vipindi maalumu: matundu yaliyopanuka, nyufa, pini isiyoingia kina kinachotakiwa. Kwenye magari nako, Aprili 2014 Toyota ilitangaza kurudisha gereji zaidi ya magari milioni 6 duniani kwa kasoro mbalimbali, na mojawapo ilikuwa springi ndani ya reli ya kiti ambayo ingeweza kukatika kiti kinaposogezwa mara nyingi, kiti kikashindwa kukamata. Springi yenyewe ni ndogo, inaenea kiganjani. Mtengenezaji hajisumbui hivyo kwa jambo la starehe.

Kuhusu mkanda, fanya jambo moja leo. Sogeza kiti mbele na nyuma huku ukiangalia kile kifungio unachochomekea mkanda. Kama kinasogea pamoja na kiti, basi kimefungwa kwenye fremu ya kiti, na magari mengi ya umri wa lako yako hivyo. Maana yake ni kwamba katika ajali sehemu kubwa ya uzito wa mwili wako inapita kwenye mkanda, inaingia kwenye kifungio, kisha kwenye fremu, reli, boliti nne na sakafu. Reli ikiachia, mkanda nao umeachia, hata kama umeufunga vizuri na trafiki amekupongeza.

Lile dumu ndilo linalonitia hofu zaidi. Mgongo wa kiti una kazi moja kubwa, nayo ni kukubeba gari linapogongwa kwa nyuma. Chukua hesabu hii: gari lako limesimama, linagongwa na kusukumwa hadi kilomita 25 kwa saa ndani ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Mwili wako unaulemea mgongo wa kiti kwa nguvu karibu mara 7 ya uzito wako. Kwa mtu wa kilo 75 hizo ni zaidi ya kilo 500, zimekuja kwa kishindo. Dumu la plastiki haliwezi kuzibeba. Mgongo unalala, wewe unateleza juu yake kuelekea siti ya nyuma, mkanda unabaki ukining'inia kwa sababu umeundwa kukuzuia usiende mbele, na kichwa chako kinakutana na siti ya nyuma au na mtoto aliyekaa hapo. Miguu imeshaacha pedali na gari bado linatembea. Na kama dumu lina maji, hizo ni kilo 20 zinazoruka ndani ya gari. Kama lina mafuta, sihitaji kukueleza.

Hata viti vizima vina mipaka. Kanuni namba 17 ya Umoja wa Mataifa inadai mgongo wa kiti uhimili nguvu ya kuulaza nyuma ya nyutonimita 530. Kanuni ya Marekani namba 207, iliyotungwa miaka ya 1960, inadai 373 tu, na kwa miongo mingi wataalamu wa ajali wamelalamika kwamba ni ndogo mno, hadi mwaka 2021 Bunge la nchi hiyo likaagiza mchakato wa kuipitia upya. Kama viti vilivyopita vipimo hivyo bado vinalaza watu chali, kiti kinachoshikiliwa na dumu hakina hata mahali pa kuanzia.

Kwa nini mgongo wako haukai? Chini ya kile kifuniko cha plastiki ubavuni mwa kiti kuna gia yenye meno madogo, na springi inayoibana. Kwenye viti vingi vya zamani gia hiyo iko upande mmoja tu, ule wa mlango. Upande wa ndani kuna pini ya kuzungukia basi. Kwa hiyo uzito wote wa mgongo unabebwa na meno machache. Dereva mzito, au yule mwenye mazoea ya kushika mgongo wa kiti akigeuka kutazama nyuma, humaliza meno hayo taratibu. Dalili ya kwanza ni mgongo kucheza kidogo, kitu kama sentimita moja au mbili ukiusukuma. Hapo bado kuna muda wa kutafuta kiti kingine. Mgongo ukianza kushuka jino moja moja ukiwa umekaa, muda umekwisha.

Kwenye reli hadithi ni nyingine. Chomoa kiti uone kilichomo: mchanga, sarafu, maganda ya karanga, kifuniko cha soda, na grisi iliyoganda ikawa kama udongo. Kila reli ina ulimi wa chuma unaoingia kwenye matundu au meno. Ule mkono unaounyanyua chini ya kiti huondoa ndimi zote mbili, ya kulia na ya kushoto, mara nyingi kwa fimbo au waya unaounganisha pande mbili. Waya ukivutika au fimbo ikipinda, ulimi mmoja unaingia na mwingine unabaki juu. Kiti kama hicho kinaonekana kimekamata. Kinachokisaliti ni kwamba ukikisukuma kinajipinda, upande mmoja unatangulia. Nimeona magari mengi ya namna hii, na mara kadhaa tatizo lote lilikuwa uchafu uliozuia ulimi usishuke: ukisafishwa na kupakwa grisi nyepesi, kiti kinakamata kama zamani. Kwa hiyo kabla hujanunua chochote, kitolewe, reli zisafishwe, ndimi zitazamwe kwa tochi. Kama meno yameliwa au ulimi umepinda, hapo usafi hausaidii.

Ile mbao itoe leo. Inazuia kiti kurudi nyuma tu. Kwenda mbele iko huru. Na ukipiga breki kali, mbao ikichomoka itateleza chini ya kiti hadi miguuni. Kipande cha mbao chini ya pedali ya breki kinaizuia isishuke, na hutakiona wala hutaweza kuinama kukitoa.

Sasa shauri la fundi. Naamini hana nia mbaya, anataka kukupunguzia gharama. Lakini sakafu ya gari dogo ni bati jembamba, kwa kawaida chini ya milimita moja. Waliolitengeneza waliweka vyuma vya kuliimarisha pale boliti zinapoingia, na hapo tu. Ukichomelea reli kwenye bati tupu, umeibandika kwenye kitu kitakachochanika kama karatasi pembeni ya weldi. Chuma cha reli chenyewe kimepewa ugumu wake kiwandani. Joto la kuchomelea hulibadilisha eneo linalozunguka weldi, na ufa huanzia hapo. Chini ya sakafu hiyo hupita mipira na mabomba ya mafuta na ya breki, juu yake kuna zulia na sponji. Sponji ya kiti ikishika moto hutoa moshi wenye sumu kali. Magari yameungua gereji kwa kazi ya namna hii.

Kuna jambo jingine ambalo mke wako amelihisi hata kama hakulisema hivyo. Kiti kilichochomelewa kinamfaa mtu mmoja tu. Kama yeye ni mfupi kuliko wewe, atakalia ukingo wa kiti ili afike kwenye klachi, mgongo wake ukiwa hauegemei kitu. Nawe ukiamua kichomelewe mbele kwa ajili yake, kifua chako kitakuwa karibu mno na usukani. Kama usukani wako una maandishi ya SRS, kuna eabegi (mfuko wa hewa) ndani, na umbali unaoshauriwa kutoka katikati ya usukani hadi kifuani ni angalau sentimita 25.

Dawa ya kweli kwa gari lako ni kiti kizima kilichotumika, kikiwa na reli zake, kutoka gari la aina ileile. Corolla 110 zilizokatwa kwa ajili ya spea bado zipo, na pale Gerezani Kariakoo au Ilala wauzaji wanaijua kwa jina. Taja namba kamili ya chesesi, taja kwamba unataka kiti cha kulia, na taja idadi ya milango. Usikubali kuuziwa kiti cha abiria ukaambiwa "kinaingia tu": mkono, gia ya mgongo na kifungio cha mkanda vinakuwa upande usio wako. Kabla ya kulipa, kiweke chini, kalia, jisukume nyuma kwa miguu ukiwa umeegemea ukuta au mti. Sogeza mkono usikilize: unataka mlio wa kukamata kutoka pande zote mbili, kila hatua. Kigeuze utazame chini. Kutu ya juu juu si kitu; kutu inayobanduka kwa magamba, au matope makavu ndani ya reli na harufu ya uvundo kwenye sponji, ni dalili kwamba gari lile liliingia maji. Kiache.

Kikiwa na waya chini, hasa plagi ya rangi ya njano, hiyo ni ya eabegi au ya kikaza mkanda. Fundi akate betri na asubiri dakika kadhaa kabla ya kuigusa, wala asiipime kwa taa ya majaribio. Kama kiti chako cha zamani hakikuwa na plagi hiyo, tafuta kisicho nayo.

Boliti ndizo watu huzipuuza. Kwenye Corolla nyingi za miaka hiyo hufunguliwa kwa spana namba 14. Zile za awali ni za chuma kigumu. Ya kawaida ya duka la vifaa vya ujenzi yenye alama 4.6 kichwani ina nusu tu ya nguvu ya ile yenye alama 8.8, ingawa kwa macho zinafanana. Ikikosekana moja, usikubali ya kuokoteza. Zote nne ziingie kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe kwa zamu. Na tazama matundu yenyewe sakafuni, nyanyua zulia: gari lililoishi Dar, Tanga au Mombasa mara nyingi limeliwa na kutu hapohapo, chini ya zulia lenye unyevu, na kiti kizuri kwenye sakafu iliyooza hakina maana. Kutu ikiwa imefika huko, ni kazi ya fundi bodi anayekata bati bovu, kuweka jipya na kurudisha kile chuma cha kuimarisha, kiti kikiwa nje.

Sponji nayo isiachwe nyuma. Kikalio kilichodidimia kinakushusha, unaona boneti zaidi kuliko barabara, na mtoto aliyesimama karibu na bampa hupotea machoni. Kinafanya pia nyonga zizame chini ya sehemu ya mkanda inayopita kiunoni, hivyo katika ajali mkanda unapanda tumboni kwenye viungo laini badala ya kushika mifupa ya nyonga. Mgongo wenyewe huumia polepole: uti wa mgongo hutikisika vibaya zaidi na mitikisiko ya mara 4 hadi 8 kwa sekunde, ambayo barabara mbovu huileta, na sponji iliyokufa haipunguzi kitu. Fundi wa viti anaweza kujaza sponji mpya ngumu. Mwambie akirudishe kikalio kwenye kimo chake cha awali, asikiinue hadi kichwa kikagusa dari. Foronya na mto wa kukalia si mbadala, vinateleza.

Kiegemeo cha kichwa kikiwa hakipo, au kinashuka chenyewe, kitafutie chake. Sehemu yake ya juu ifike walau usawa wa juu ya masikio yako.

Wenye Haisi wanaosoma hapa waongeze jambo moja: viti vyenu vya mbele hunyanyuliwa ili kufikia injini, kwa hiyo kuna kufuli la ziada linaloshikilia kiti kisinyanyuke. Limezoea kufunguliwa kila gari linapoguswa, na mara nyingi hurudishwa bila kukamata. Baada ya kila sevisi shika kiti kwa mikono miwili ukinyanyue kwa nguvu. Kisipoinuka, ondoka. Konda afanye hivyohivyo upande wake.

Umesema wakaguzi hawakigusi. Ndivyo ilivyo mara nyingi, kwa sababu kiti hakionekani kibovu mtu akiwa amesimama dirishani. Jipime mwenyewe: gari kwenye uwanja tambarare, injini imezimwa, handibreki imevutwa. Kaa, funga mkanda, kandamiza breki kwa nguvu zako zote na uhesabu hadi kumi. Ukisikia hata mlio mmoja wa chuma, au ukaona umbali wako na usukani umebadilika, kiti hakifai. Kisha jitingishe mbele na nyuma, halafu kushoto na kulia. Mwache mke wako naye afanye hivyo kwa mpangilio wake wa kukaa, kwa sababu reli inaweza kukamata vizuri pale ulipozoea na kuteleza pale anapokaa yeye.

Mpaka kiti kipatikane gari libaki nyumbani. Ikibidi lifike gereji, livutwe au lipandishwe kwenye gari la kubebea. Unapoagiza kiti kutoka Dar, mwambie muuzaji akifungie pamoja na boliti zake nne kwenye mfuko, na akutumie picha ya reli kwa chini kabla hujatuma hela.